Sahihi za Wasiovuma

Mwaka 1952 kampuni ya Bowman ya Philadelphia, iliyokuwa ikiwauzia chingamu watoto wa Marekani, ilitoa seti ya kadi 144 zenye picha za wachezaji na makocha wa mpira wa Kimarekani, yaani ule mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi na kugombaniwa kwa vifua na mabega. Katika seti hiyo walikuwamo watu waliovuma nchi nzima: Otto Graham wa Cleveland, Sammy Baugh wa Washington, na Frank Gifford, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia New York. Kadi ya mwisho kabisa, namba 144, ilikuwa ya Jim Lansford, mzuiaji wa mstari wa mbele wa timu iliyoitwa Dallas Texans. Kazi ya mzuiaji si kuubeba mpira wala kupata pointi. Kazi yake ni kumsukuma aliye mbele yake ili mwingine apite na kushangiliwa. Lansford aliifanya kazi hiyo katika ligi kuu kwa msimu mmoja tu, kisha jina lake likatoka katika orodha za wachezaji.

Hata hivyo, tangu kadi hizo zianze kupangiwa bei, Lansford amekuwa mmoja wa watu ghali kabisa katika seti nzima. Sababu yake haina uhusiano wowote na uchezaji wake. Bowman ilitoa picha zilezile kwa vipimo viwili, kadi kubwa na kadi ndogo, na katika zile kubwa mpango wa karatasi za kiwandani uliharibu ulinganifu: kadi ambazo namba zake zinagawanyika kwa tisa, na zile zinazozifuatia, zilichapwa chache kuliko wenzake. Mia na arubaini na nne ni tisa mara kumi na sita. Tena, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, ndiyo iliyokaa chini ya bunda ambalo mtoto alilifunga kwa mpira wa kufungia na kulitia mfukoni, nayo ikasuguliwa na kukunjika pembe. Chache zilitoka, na chache zaidi zikasalimika. Mtu ambaye ligi ilimsahau amewekwa juu na mkasi wa kiwanda.

Mnada, hata hivyo, ni upande mmoja tu wa mambo. Wapo wakusanyaji, si wengi wala si matajiri, wanaomtafuta Lansford na mfano wake kwa sababu nyingine: wanataka kadi iliyotiwa sahihi na mwenyewe. Nao hawaanzi na Graham wala Gifford. Huanza na mzuiaji wa msimu mmoja, mchezaji wa akiba aliyekaa benchi miaka mitatu, kocha aliyeshindwa akafukuzwa. Ukusanyaji wa namna hii una historia yake, na historia hiyo ina mengi ya kumwambia mtu anayejali majina yanavyohifadhiwa na yanavyopotea.

Mchezo wenyewe ulianza kulipiwa kwa siri. Tarehe 12 Novemba 1892 chama cha michezo cha Allegheny, katika mji wa Pittsburgh, kilimpa William Heffelfinger dola 500 acheze mechi moja. Kwa miaka mingi jambo hilo halikujulikana, mpaka ulipopatikana ukurasa wa daftari la hesabu la chama hicho ulioandikwa malipo yale kwa mkono. Ukurasa huo ndio unaohesabiwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha mpira wa kulipwa wa Kimarekani.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1894, kampuni ya tumbaku ya Mayo, ya Richmond, Virginia, ilitoa kadi 35 za wachezaji wa vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton. Hawa hawakuwa wachezaji wa kulipwa, lakini kadi zao ndizo za kwanza kujulikana kuwa seti kamili ya mchezo huu, picha za rangi ya kahawia zenye pambizo nyeusi. Mpenzi wa ushairi atapenda kujua kwamba mmoja wao ni Poe wa Princeton, wa ukoo wa mshairi Edgar Allan Poe. Ndugu sita wa nyumba moja walicheza chuoni hapo, mmoja baada ya mwingine. Lakini kadi inayotafutwa kuliko zote katika seti hiyo ni ile isiyo na jina. Kiwanda kilichapa picha, kikasahau kuandika ni ya nani. Wachunguzi walikuja kumtambua kuwa ni John Dunlop wa Harvard, na kadi zake zilizopatikana ni za kuhesabu kwa vidole. Wenzake thelathini na nne walipewa majina, naye kwa kunyimwa jina akawapita wote kwa thamani.

Aliyeziingiza kadi hizi katika orodha ya kitaalamu hakuwa profesa. Jefferson Burdick alikuwa fundi wa umeme wa Syracuse, katika jimbo la New York, mseja, mgonjwa wa baridi yabisi iliyompinda vidole tangu ujana. Mwaka 1939 alichapisha katalogi ya kadi za Marekani na kuzipa namba za utambulisho ambazo wakusanyaji wanazitumia mpaka leo. Kwa hesabu yake zile za Mayo ni N302. Tangu mwaka 1947 alianza kuikabidhi hazina yake, vipande zaidi ya 300,000, kwa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, na mwishoni akahamia mji huo ili azibandike mwenyewe katika albamu, moja moja, kwa vidole vile vilivyopinda. Alimaliza Januari 1963. Siku ya pili yake aliingia hospitali, na mwezi wa Machi akafariki. Katika albamu zake hakumtenga maarufu na asiye maarufu: kila kadi ilikaa mahali ilipopangiwa na namba yake.

Hapo ndipo penye siri ya seti. Mfanyabiashara wa tumbaku au wa chingamu hakuwa na nia ya kumkumbuka mtu yeyote. Alitaka mteja arudi kesho. Akagundua kwamba mtoto akishapata picha ya bingwa anayempenda ataacha kununua, lakini akiambiwa kwamba picha ziko 144 na kila moja ina namba, hatatulia mpaka pengo la mwisho lizibwe. Hivyo ilibidi watafutwe watu wa kujaza namba, na watu hao ndio akina Lansford. Kipande chao cha karatasi kilikuwa na upana uleule na urefu uleule kama cha Graham, na bila wao cha Graham hakikukamilika. Tamaa ya senti chache za watoto ikawafanyia wanyonge wa mchezo ule haki ambayo magazeti hayakuwafanyia.

Timu yenyewe ya Lansford inastahili kusimuliwa, kwani ni mfano wa jinsi jambo zima linavyoweza kufutika. Dallas Texans iliundwa mwaka 1952 kutokana na mabaki ya timu ya New York iliyoshindwa kibiashara. Ilicheza katika uwanja mkubwa wa Cotton Bowl, ambao haukujaa hata siku moja. Miongoni mwa wachezaji wake bora walikuwamo Weusi wawili, Buddy Young na George Taliaferro, katika mji ambao sheria na desturi zake ziliwatenga Weusi na Wazungu. Kabla msimu haujaisha wenye timu waliishiwa fedha wakairudisha mikononi mwa ligi, na ligi ikaihamishia Hershey, Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chokoleti. Tangu hapo ikawa timu isiyo na kwao, yenye kucheza popote ilipoitwa.

Ilishinda mara moja tu. Siku ya Sikukuu ya Shukrani, mbele ya watazamaji wapatao 3,000 mjini Akron, Ohio, iliwafunga Chicago Bears 27 kwa 23. Inasimuliwa kwamba kocha wa Texans, Jimmy Phelan, alipoona viti vitupu alipendekeza kwamba wachezaji wasitambulishwe uwanjani, bali wapande jukwaani wakamsalimie kila mtazamaji kwa mkono. Kocha wa Bears alikuwa George Halas, mmoja wa waasisi wa ligi, ambaye kwa kuwadharau wapinzani aliwaanzisha wachezaji wake wa akiba. Halas yumo katika seti ya Bowman ya mwaka huo, kadi namba 48. Texans walimaliza na ushindi mmoja na kushindwa mara kumi na moja, timu ikavunjwa, na wachezaji waliosalia wakapelekwa Baltimore mwaka 1953. Wawili kati yao, Gino Marchetti na Art Donovan, walikuja kuwa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huo. Wengine waliingia katika maisha ya kawaida ya Marekani: shule, mashamba, maduka, ofisi za bima.

Ni kuwafuata watu hawa katika maisha hayo ndiko kulikozaa ukusanyaji wa sahihi zao. Njia ilikuwa ya posta. Mkusanyaji huandika barua ya heshima, hueleza kwa ufupi kwa nini anamwandikia, hutia kadi moja au mbili, na ndani ya bahasha hutia bahasha nyingine yenye anwani yake mwenyewe na stempu iliyokwisha kulipiwa, ili mzee anayeipokea asigharimike. Asiyekuwa na kadi ya mchezaji huyo hupeleka kikaratasi kigumu cheupe kisicho na mistari. Kisha husubiri. Majibu mengine huja baada ya wiki mbili, mengine baada ya miaka mitatu, na mengine hayaji. Vilichapishwa vitabu vizima vya anwani kwa kazi hii, na orodha zake zilipita mkononi kwa mkono kama nakala za mashairi.

Wakusanyaji wanakubaliana juu ya jambo moja: wasiojulikana hujibu. Bingwa hupata mamia ya barua kwa wiki, akazikabidhi kwa katibu, naye katibu akajifunza kuiga mkono wake. Au hununuliwa mashine yenye kushika kalamu na kuichora sahihi ileile pasipo mwenyewe kuwapo chumbani. Mzuiaji wa mwaka 1952 hana katibu. Huketi mezani na kalamu ya biki, huandika jina lake lote kwa utaratibu aliofundishwa shule ya msingi, herufi zikisomeka mpaka ya mwisho, na aghalabu huongeza neno: namba ya jezi aliyovaa, miaka aliyocheza, jina la kocha, shukrani kwa kukumbukwa. Wapo waliorudisha ukurasa mzima. Tofauti ya mikono hiyo miwili huonekana mara moja. Sahihi ya mtu maarufu ni mkato wa wino usiosomeka, kwani imetiwa mara elfu nyingi kwa haraka. Ya asiyevuma ni jina.

Lugha ya Kiingereza cha Marekani ina msemo unaoiita sahihi kwa jina la John Hancock, mtu aliyelitia jina lake kwa herufi kubwa kuliko wenzake katika tamko la uhuru la mwaka 1776. Na katika seti ileile ya Bowman, namba 36, yupo mchezaji aitwaye John Lee Hancock. Namba 36 nayo hugawanyika kwa tisa. Kadi hiyo ni miongoni mwa zilizochapwa chache. Anayetaka kuimaliza seti kwa sahihi hana budi aitafute sahihi ya Hancock, jambo ambalo bila shaka limewachekesha wengi.

Watu wa Pwani wanaijua tofauti kati ya kutajwa na kujitaja. Jina la mtu laweza kuimbwa na wengine, lakini mtungaji wa utenzi hulitia jina lake mwenyewe katika beti za kumalizia, na mnakili wa hati za zamani aliandika chini kabisa kwamba imeandikwa kwa mkono wa fulani, siku fulani. Hapo hajisifu, anashuhudia. Picha kwenye kadi ni kazi ya kampuni, na takwimu zilizo nyuma yake ni kazi ya karani. Sahihi ndiyo sehemu pekee ya kadi iliyofanywa na mwenye kadi.

Ukweli huu unadhihirika zaidi kwenye kadi ya Knute Rockne. Rockne alikuwa kocha wa chuo cha Notre Dame, mashuhuri kuliko makocha wote wa zama zake, naye alikufa katika ajali ya ndege huko Kansas mwezi wa Machi 1931. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ilimtia katika seti yake ya wafalme wa michezo, na mwaka 1935 kampuni ya National Chicle ikamtia katika seti yake ya kadi 36, yeye peke yake marehemu kati ya wachezaji wa kulipwa waliokuwa hai. Kadi hizo zina thamani kubwa, lakini hakuna itakayoweza kuwa na sahihi yake ya kweli, kwa kuwa alikuwa kaburini kabla hazijachapwa.

Suala la kughushi si dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maofisa wa FBI wa San Diego waliendesha upelelezi mkubwa dhidi ya mtandao wa waghushi wa sahihi, na Oktoba 1999 wakavamia nyumba na maghala yao. Zilikamatwa bidhaa za mamilioni ya dola zenye sahihi za bandia za magwiji wa besiboli, wengine waliokufa miaka mingi nyuma, na hata mipira ya besiboli yenye sahihi ya Mama Teresa. Tangu hapo soko limejaa vyeti vya uhakiki, mihuri na vibandiko vya kung'aa, na vyeti navyo vimeghushiwa. Lakini mghushi ni mfanyabiashara. Hapotezi wino wake kumwandika mzuiaji wa Dallas ambaye sahihi yake, juu ya kikaratasi cheupe, huuzwa kwa bei ya mkate. Kwa sababu hiyo mkusanyaji maskini wa wasiovuma analala usingizi ambao tajiri wa mabingwa hana. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Makocha walichelewa kuingia katika hesabu hii. Bowman ya mwaka 1952 iliwatia baadhi, kama vile Halas, Paul Brown wa Cleveland na Steve Owen wa New York. Baadaye wakakaribia kutoweka kabisa, kwani kampuni ziliamini kwamba mtoto hataki picha ya mzee mwenye kofia. Topps, iliyoinunua Bowman mwaka 1956 na kutawala biashara hiyo kwa muda mrefu, haikuwa hata na ruhusa ya kuonyesha nembo za timu mpaka mwaka 1982. Katika kadi zake za miaka ya 1970 kofia za wachezaji zimepakwa rangi na mafundi ili nembo zisionekane, na wachezaji wakaonekana kama askari wa nchi isiyo na bendera. Mwaka 1989 kampuni mpya ya Pro Set ilipoingia na ruhusa kamili, ilimpa kila kocha mkuu kadi yake. Ndiyo maana Rod Rust wa New England, aliyeshindwa mechi 15 kati ya 16 msimu wa 1990, anayo kadi kama Bill Parcells wa New York, aliyetwaa ubingwa msimu uleule. Makocha wasaidizi, ambao ndio wanaofundisha kazi ya mikono na miguu, wameendelea kusahauliwa, na anayetaka sahihi zao bado hana budi kupeleka kikaratasi cheupe.

Mwaka 1991 jambo lilibadilika. Ligi yenyewe ilitoa seti ya Pro Line, yenye picha za wachezaji, wastaafu na makocha wakiwa katika nguo za kawaida, na kwa makubaliano nao baadhi ya kadi zikatiwa sahihi za mkono na kuchanganywa katika pakiti kwa bahati nasibu, zikiwa na muhuri wa kuinua karatasi na bila namba. Ilikuwa fikra nzuri, na kwa mara ya kwanza mchezaji wa akiba alilipwa kwa ajili ya jina lake. Lakini tangu siku hiyo sahihi iligeuka kuwa bidhaa ya kiwandani. Miaka iliyofuata makampuni yalianza kumpelekea mchezaji chipukizi mabunda ya vibandiko vinavyopenyeza mwanga. Huyatia sahihi mamia kwa mamia chumbani mwake, bila kuiona kadi vitakakobandikwa. Mkono ni wake, naam, ila haukupata kuigusa kadi. Na mkono uliochoka hujifupisha: jina la herufi kumi na mbili huwa herufi mbili na mstari.

Hata hivyo biashara hiyo ilitoa mfano bora kuliko yote wa jinsi kuvuma kunavyogeuka. Katika uteuzi wa wachezaji wa mwaka 2000, timu zilichagua makwotabeki, yaani watupaji wakuu wa mpira, sita kabla ya kumfikia kijana wa Michigan aitwaye Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199. Mmoja wa wale sita, Giovanni Carmazzi, alichukuliwa na San Francisco na hakucheza hata mechi moja ya ligi. Katika kadi za mwaka ule sahihi ya Carmazzi na ya Brady zilitoka pakitini kwa thamani zilizokaribiana, na wengi waliipendelea ya Carmazzi. Juni 2021 kadi moja ya Brady ya mwaka 2000, kati ya mia zilizotolewa kwa namna hiyo, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Sahihi ile ilitiwa na mtu asiyejulikana. Kilichonunuliwa kwa mamilioni ni mwandiko wa kijana wa akiba ambaye hakuna aliyekuwa akimwandikia barua.

Wanaokusanya wasiovuma hawangojei bahati ya namna hiyo, nao wana haraka ya aina nyingine. Mack Lee Hill wa Kansas City hakuchaguliwa na timu yoyote alipomaliza chuo. Alijipeleka mwenyewe mwaka 1964 akapata nafasi. Mwaka 1965 Topps ilimtolea kadi. Desemba mwaka huohuo aliumia goti, akapelekwa kufanyiwa upasuaji, akafa. Kati ya kadi yake kutoka na kifo chake ilipita miezi michache, na kama alitia sahihi yoyote juu yake, ilikuwa ndani ya miezi hiyo.

Wengine wamekawia kufa, na kukawia kwao kumeacha alama katika mwandiko. Mwaka 2002 Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa Pittsburgh, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa mstari wa mbele aliyekufa akiwa na umri wa miaka 50 baada ya kuishi miaka ya mwisho akilala garini na kusahau mambo. Alikuta uharibifu unaosababishwa na kugongwa kichwa mara nyingi, akachapisha matokeo mwaka 2005. Mwaka huohuo alikufa Terry Long, mzuiaji mwingine wa Pittsburgh, asiye na umaarufu wa Webster, naye ubongo wake ulikuwa na maradhi yaleyale. Wazuiaji ndio wanaogonga kichwa katika kila mchezo mmoja mmoja, mechi nzima, bila mtu kuwatazama, kwa kuwa macho yote yako kwenye mpira.

Si haki kuusoma ugonjwa katika sahihi. Uzee pekee hutetemesha mkono. Lakini mkusanyaji mwenye sahihi mbili za mtu mmoja, ya mwaka 1975 na ya mwaka 2005, anazo mbele yake karatasi mbili ambazo hazihitaji maelezo. Katika ya kwanza herufi zimesimama. Katika ya pili zimeegemeana, namba ya jezi imeachwa, na pengine bahasha imeandikwa anwani kwa mwandiko mwingine, wa mke au wa binti, pamoja na kijibarua kinachosema kwamba baba amefurahi na kwamba tafadhali asiandikiwe tena.

Bahasha nyingine hurudi zimefungwa vilevile zilivyokwenda, zikiwa na muhuri wa posta kwamba mpokeaji amefariki. Wapo wanaozitunza hizo pia, mahali pale ambapo kadi ingekaa. Wengine huanza njia ya pili: humwandikia mjane, au kumtafuta mwana. Vijana wa Marekani waliandikishwa kwa ajili ya vita na kutia sahihi kadi za serikali, nazo zimehifadhiwa kwa mamilioni katika nyaraka za taifa. Humo mikono mingi imeonekana, ingawa haiwezi kutolewa. Kinachoweza kutolewa ni hundi. Kwa miaka mingi benki za Marekani zilimrudishia mteja hundi zake zilizokwisha kulipwa, na wajane wengi wa umri ule hawakuzitupa. Hivyo hutokea kwamba baada ya barua mbili tatu mkusanyaji hupokea kutoka mji mdogo hundi moja iliyotobolewa na mashine ya benki, ya dola nane na senti kadhaa, iliyoandikiwa duka la vyakula au kampuni ya umeme, na chini yake upande wa kulia jina zima la mzuiaji, herufi zikisomeka mpaka ya mwisho. Hundi hiyo huingizwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa nyuma ya kadi yake, kwenye namba yake, kati ya aliyemtangulia na anayemfuata.